Mwanangu ndiye aliyempasua mwenzake sikio: nikubali fimbo au nimpeleke kwa mshauri?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa kumi na saba nikifundisha shule ya msingi. Majibu yako kwa wenzangu nimeyasoma mengi bila kudhani kwamba siku moja nitaandika mimi. Naomba usitaje jina langu wala la shule.

Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu katika shule ya bweni ya wavulana, mkoa mwingine. Wiki mbili zilizopita mwalimu wa nidhamu alinipigia simu asubuhi, nikiwa darasani nasahihisha madaftari. Akasema, "Mama, njoo shuleni, mwanao amempiga njuka, mgeni wa Kidato cha Kwanza." Nilipanda basi siku ile ile. Njia nzima nilijiambia labda wamegombana tu, vijana hugombana.

Haukuwa ugomvi. Nilisomewa maelezo yaliyoandikwa na watoto wanane wa bweni lile. Tangu Februari mwanangu na wenzake wawili walikuwa wakimfulisha nguo mtoto wa Kidato cha Kwanza, wakimchotesha maji kabla ya kengele ya alfajiri, wakilifungua tranka lake na kula karanga na sukari alizofungiwa na mama yake. Usiku baada ya prepo walimpigisha magoti katikati ya vitanda na kumwamuru aimbe, bweni zima likicheka. Usiku mmoja akakataa kuimba. Mwanangu alimzaba kofi la sikio. Asubuhi mto wake ulikuwa na damu. Ikachukuliwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, na hospitalini wakasema ngoma ya sikio imetoboka.

Anti, nyumbani huyu ndiye anayembeba mdogo wake mgongoni. Nilipomuuliza kwa nini amefanya vile, alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza ratiba ya chakula: "Mama, sisi tulifanyiwa zaidi ya hayo. Mbona hatukufa?"

Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi. Alipokuwa Kidato cha Kwanza alirudi likizo ya Juni amekonda, hana blanketi. Alisema limeibiwa. Baba yake, ambaye anaendesha malori ya kwenda Zambia na huwa nyumbani siku chache kwa mwezi, alimchapa kwa uzembe. Usiku nilikwenda kukaa kitandani kwake. Akaanza, "Mama, kule bwenini wale wakubwa..." nikamkatiza. Nikamwambia avumilie, mwanaume anakomazwa na shida, na yeye siku moja atakuwa mkubwa. Nikamnunulia blanketi jingine. Sikuuliza tena.

Sasa yuko nyumbani, bodi ya shule inakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Mkuu wa shule amenieleza njia mbili: achapwe viboko mstarini mbele ya wanafunzi wote kisha asimamishwe siku 21, au nimwombee uhamisho kimyakimya kabla ya kikao ili faili lake lisichafuke. Mwalimu wa malezi, binti mdogo aliyeajiriwa mwaka jana, alinifuata mpaka getini akaniambia fimbo haitamsaidia, mtoto anahitaji tiba ya kisaikolojia. Akanitajia mshauri katika hospitali ya rufaa. Baba wa yule mtoto anataka mwanangu afukuzwe kabisa, na amekwisha kufungua jalada polisi. Mume wangu alipofika alimpiga mwanetu mpaka kifungo cha mkanda kikang'oka. Ushauri nasaha kwake ni kudekeza. Anasema, "Mkimbembeleza huyu, wengine watajifunza kwamba ukimpasua mtu sikio unawekewa kiti na kuulizwa unajisikiaje."

Siwezi kumpinga kwa moyo mmoja, kwa sababu na mimi fimbo yangu iko juu ya kabati la darasani. Nauliza, Anti: ni kipi hasa kitakachomzuia asirudie, na kuwazuia wengine, adhabu au tiba? Nikisema tiba, je, namtetea mkosaji kwa sababu ni wangu? Nikikubali fimbo, je, namgeuzia mgongo mara ya pili?

Mama Niliyenyamaza, Morogoro

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Barua yako niliisoma jioni nikaiweka, nikaisoma tena alfajiri.

Kama nimekuelewa, una mtoto aliyemuumiza mtoto mwenzake kwa miezi, tena akijua anachofanya. Una shule inayotaka jambo liishe Ijumaa, baba wa upande wa pili mwenye haki ya kuwa na hasira, mume anayeogopa kulea jambazi, na wewe katikati umeshika blanketi la miaka miwili iliyopita. Swali uliloniletea ni la adhabu au tiba. Nitalijibu, lakini niruhusu kwanza niguse mambo mawili yaliyonikwaruza niliposoma.

La kwanza ni yule mtoto mwingine. Umenieleza mwanao amerudi nyumbani na anasubiri. Huyu wa Kidato cha Kwanza yuko wapi? Analala bweni lile lile, pamoja na wale wenzake wawili wa mwanao? Sikio linasikia? Ngoma ya sikio iliyotobolewa na kofi mara nyingi huziba yenyewe baada ya wiki kadhaa, ila inataka kukingwa na maji na kurudishwa kwa daktari aangalie. Nani anampeleka? Sikuulizi ili nikuongezee aibu, aibu unayo ya kutosha. Ninauliza kwa sababu watu wazima tukianza kubishana juu ya mkosaji, achapwe au ashauriwe, mara nyingi aliyeumizwa hubaki peke yake na ndoo yake ya maji. Nimekaa vikao vya namna hiyo miaka mingi. Ya mkosaji huchukua saa tatu, ya aliyeonewa dakika tano.

La pili ni hilo neno "tiba". Mwalimu wa malezi ana nia njema na mimi nampenda bila kumwona, maana kumfuata mzazi mpaka getini si kazi aliyolazimishwa. Lakini tiba inataka ugonjwa, na katika barua yako sioni mtoto mgonjwa. Naona mtoto aliyejifunza somo vizuri. Alifika njuka, akanyang'anywa blanketi, akajaribu kusema, akachapwa na baba na kunyamazishwa na mama, akaahidiwa kwamba siku moja na yeye atakuwa mkubwa. Sasa ni mkubwa. Hilo halimwondolei lawama hata chembe. Wapo wengi waliofanyiwa kama yeye, wamefika Kidato cha Tatu na hawajamgusa mtu, na pengine wawili watatu kati yao ni miongoni mwa wale wanane walioandika maelezo. Alikuwa na la kuchagua. Lakini ukimpeleka hospitali kana kwamba kasoro iko ndani ya kichwa chake peke yake, bweni litabaki lilivyo, na Februari ijayo njuka wengine watapiga magoti.

Nimerudia mara kadhaa sentensi yako moja: "bweni zima likicheka." Hapo ndipo penye moto. Christina Salmivalli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, walitumia miaka mingi kuwatazama wanaotazama: wanaocheka, wanaoshangilia, wanaogeuza uso, na yule mmoja anayesema "mwacheni". Waliona kwamba mwonevu mara nyingi anatafuta cheo mbele ya wenzake, na kicheko ndicho malipo yake. Kutokana na hayo walitengeneza programu iitwayo KiVa, ambayo shule za Finland zilianza kuitumia kitaifa mwaka 2009. Haiwaachi waonevu na walioonewa peke yao, inafundisha darasa zima. Kabla yao Norway ilianza mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua mwishoni mwa 1982 na uonevu wa wenzao kutajwa kuwa chanzo. Huko mtafiti Dan Olweus alianza na mambo ambayo mimi na wewe tungeyaona madogo: nani anasimamia uwanjani wakati wa mapumziko, kanuni chache zinazojulikana na kila mtoto, mzazi kuitwa mapema kabla damu haijatoka.

Sasa fimbo. Wewe ni mwalimu, unajua kanuni za viboko za mwaka 2002: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kwa hiyo kisheria bodi inaweza kukuambia ndivyo ilivyo. Ila nikuulize kama mwalimu kwa mwalimu. Watoto unaowachapa Jumatatu kwa kuchelewa, Ijumaa ni wengine au ni wale wale? Jibu unalo wewe kwenye daftari lako la mahudhurio. Na mwanao ameshachapwa mara ngapi? Alichapwa kwa blanketi, juzi amechapwa mpaka kifungo kikang'oka. Kama viboko vingekuwa vinafundisha kutopiga, huyu angekuwa amehitimu zamani. Mbele ya mstari ataumia dakika mbili, kisha bwenini atasimulia kwamba hakulia. Hapo aliyesema maelezo yake kwa mwalimu ajihadhari.

Jirani zetu wa Uganda walijaribu njia nyingine. Shirika la Raising Voices la Kampala lilifanya kazi na shule za msingi za wilaya ya Luwero, shule 42 zikagawanywa, nusu zikapewa mafunzo ya kuendesha shule bila kipigo, nusu zikasubiri. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Katika shule zilizosubiri karibu nusu ya watoto walisema wamepigwa na mwalimu au mtumishi wa shule katika wiki moja iliyopita, katika zile nyingine walikuwa chini kidogo ya theluthi. Masomo hayakushuka. Nakuletea habari hii kwa ajili ya ile fimbo iliyo juu ya kabati lako kuliko kwa ajili ya bodi. Hutakiwi kuiamulia leo.

Lakini mumeo naye ana hoja, na usiifukie. Anaogopa mtoto atakayeona kwamba kuumiza mtu hakuna gharama. Hofu hiyo ni ya haki. Maria Ttofi na David Farrington wa Cambridge walikusanya tathmini za programu nyingi za kupambana na uonevu katika nchi mbalimbali, wakaona zilipunguza uonevu kwa wastani wa asilimia 20 hadi 23. Katika vitu vilivyoandamana na mafanikio walikuta mikutano na wazazi, usimamizi mzuri wakati wa mapumziko, na pia nidhamu thabiti. Thabiti, yaani mtoto anajua mstari uko wapi na kwamba akiuvuka mtu mzima atakuja kila mara, bila kumrukia kwa hasira siku moja na kunyamaza miezi mitano. Hata Finland, walipolinganisha mwalimu anayemwambia mwonevu kwa ukali "hili linakoma leo" na mwalimu anayemkalisha aone maumivu ya mwenzake, njia zote mbili kwa jumla zilisaidia kwa kiasi kinachokaribiana. Na katika programu ya KiVa mwalimu hamalizi kwa kikao kimoja. Anarudi baada ya muda kuwauliza wote wawili, kila mmoja peke yake, kama kweli limekoma.

Ndiyo maana siwezi kukupa neno moja, adhabu au tiba. Ninachoweza ni kukaa nawe tuzitazame njia zilizo mezani na kila moja inabeba nini.

Uhamisho wa kimyakimya unanitisha kuliko zote, na nitakuambia kwa nini. Faili litabaki safi, ni kweli. Lakini shule itakayompokea haitajua imuangalie nini, na mwanao atajifunza kwamba ukiharibu unahamishwa. Atafika pale mgeni, hana cheo, na atakijenga tena kwa njia anayoijua. Kwa upande wa pili, kwa yule mtoto mdogo, kuondoka kwa mwanao ni pumzi. Usilidharau hilo. Ikiwa ataamua, yeye au wazazi wake, kwamba hawezi kulala paa moja na aliyempasua sikio, ana haki hiyo, na pengine anayepaswa kuhama ni wako. Basi ahame na barua yenye ukweli.

Kumfukuza kabisa kunaonyesha ukali ambao wazazi wengi wanautaka. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilichunguza sera za kufukuza na kusimamisha bila kusamehe, na ripoti yake ya mwaka 2008 haikukuta ushahidi kwamba zinafanya shule ziwe salama zaidi. Na hizo siku 21 za kusimamishwa? Niambie zitakuwaje nyumbani kwako. Baba yuko Tunduma kwenye foleni ya malori, wewe uko shuleni hadi saa tisa, kijana ana simu na mtaa. Ukizikubali, zijazwe. Awe na kazi za masomo zilizotoka shuleni, awe na siku za kwenda kwa mshauri, na awe na deni la kulipa. Gharama za matibabu ya yule mtoto zinaweza kulipwa na kitu cha mwanao mwenyewe: kazi ya likizo, fedha zake za matumizi, jasho lake. Ukizilipa wewe kimya kimya utakuwa umemnunulia blanketi jingine.

Ushauri nasaha nao una mitego yake. Mtego mmoja ni kuwakalisha wote wawili siku ya kwanza, kuwaambia wapeane mikono na kupiga picha ya amani. Hawa hawakugombana, mmoja alikuwa chini ya mwingine, na ukimlazimisha wa chini asamehe mbele ya walimu unampigisha magoti tena. Mtego mwingine ni kuwakusanya waonevu watatu chumba kimoja na mshauri mmoja. Vijana wa umri huo hufundishana na kusifiana, wanaweza kutoka wamenolewa. Mtego wa tatu ni wako: kumpeleka kwa mshauri ili wewe upumzike na lile neno "mbona hatukufa". Mshauri mzuri atamsaidia, namtakia ampate. Lakini anayesubiriwa kulijibu ni wewe.

Hilo ndilo ningependa ulifikirie kabla ya Ijumaa. Je, uko tayari kumwambia mwanao, ana kwa ana, kwamba ile Juni alikuwa anataka kukuambia jambo na ulimkatiza, na kwamba ulikosea? Hatari ipo: anaweza kuichukua kama kibali, "unaona, hata mama anakubali si kosa langu." Ikitokea hivyo usirudi nyuma, mwambie mambo yote mawili yanakaa pamoja. Wewe ulifanyiwa ubaya na hukusikilizwa. Na wewe umemfanyia ubaya mtoto asiyekukosea chochote. Kisha nyamaza umsikilize. Inaweza kuchukua usiku mzima, inaweza kuchukua mwezi. Huenda ukasikia majina ya waliomtendea, na huenda wengine ndio viranja wa leo. Hapo utakuwa na la kuwaambia bodi ambalo hawalijui.

Kuhusu baba yake, sidhani utamgeuza kwa maneno yako peke yako wiki hii. Je, kuna mtu wa kiume katika ukoo, mjomba au babu, ambaye mwanao anamheshimu ingawa hajawahi kupigwa naye? Mwalike. Mumeo akimwona kijana anainamisha kichwa mbele ya mtu asiye na mkanda, huenda akaona njia ambayo mimi kwa barua siwezi kumwonyesha. Na huo mkanda, mama, usirudiwe. Kama ulimwachia alama au unahisi utatumika tena, Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri yako ipo kwa ajili hiyo, na kijana mwenyewe anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo. Namba hiyo anastahili kuijua yule njuka pia.

Jalada la polisi liache liende. Najua ndugu watakushauri mwende na mzee mkayamalize nyumbani. Kwenda kuomba radhi ni vema, nendeni, baba na mama, mkae chini mwambiwe mtakayoambiwa. Lakini msiende na bahasha ya kufunga jalada. Mwanao yuko chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni mtoto, shauri lake likifika mbali litasikilizwa na Mahakama ya Watoto na hawezi kuhukumiwa kifungo cha jela. Hofu ya polisi isiwafanye mumnyamazishe mtoto wa mwenzenu.

Bodini utapewa nafasi ya kusema, na mzazi akipewa nafasi hiyo kwa kawaida huomba msamaha na kukaa. Wewe unaweza kuuliza. Patroni hulala wapi, na baada ya prepo nani hupita bwenini? Kwa nini maelezo ya watoto wanane yalipatikana baada ya damu, wakati mambo yalianza Februari? Wale waliocheka watafundishwa nini, na nani? Yule mtoto ataangaliwa vipi mwezi huu na mwezi ujao, na atasemea wapi bila kuonekana na wakubwa? Huenda mkuu wa shule akakereka. Huenda wakasema mama wa mkosaji hana kinywa cha kuuliza. Ni kweli watasema, na itauma. Pima mwenyewe kama unaweza kuubeba huo uchungu, au kama ni afadhali maswali haya yapitie kwa yule mwalimu wa malezi, ambaye nadhani amekuwa akiyauliza peke yake.

Uliuliza kama kusema tiba ni kumtetea wako, na kama kukubali fimbo ni kumgeuzia mgongo. Naona unaweza kumgeuzia mgongo kwa njia yoyote kati ya hizo, ukishamkabidhi kwa mkuu wa shule au kwa mshauri na kuondoka. Na unaweza kusimama naye katika adhabu, hata nzito, ikiwa ina mwisho unaojulikana na uko pale kila siku yake. Ni ipi inayowezekana kwenu, mwaka kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, na baba aliye barabarani, mnajua ninyi.

Ijumaa ikipita, niandikie tena. Nieleze bodi imesema nini, na mwanao amekuambia nini usiku ule. Lakini anza na sikio la yule mtoto, linaendeleaje.

Anti yako